Shajara ya mradi: mnara wa kuongozea ndege chumba cha pili, Uyole, Mbeya

Februari 8, 2025: Vilivyopo na kinachotafutwa

Simuleta yenyewe, yaani mitambo ya kuigiza urukaji wa ndege nyumbani, imeshakamilika. Shajara hii inahusu redio tu: nani atanijibu nikibonyeza kitufe nikaongea, na atanijibu nini.

Chumbani kuna kompyuta ya mezani yenye programu ya simuleta X-Plane 12, usukani, pedali, skrini moja kubwa na UPS inayoshikilia mitambo kwa dakika chache umeme ukikatika. Niliichagua X-Plane kwa sababu mandhari yake hukaa kwenye diski. Microsoft Flight Simulator, ile ya 2020 na zaidi ile ya 2024, huvuta picha za ardhi kutoka intaneti wakati ndege iko hewani, na bando letu haliwezi kulisha mandhari na redio kwa pamoja.

Njia ninayoipenda ni Dar es Salaam kwenda Songwe, kwa kodi za viwanja HTDA kwenda HTGW, kwa Dash 8 Q400, aina ambayo Air Tanzania huitumia. Songwe ilipokea kazi ya uwanja wa zamani wa Mbeya mjini mwishoni mwa 2012. Uko kwenye kimo cha futi 4,400 hivi, njia yake ya kurukia inalala mashariki na magharibi, namba zake 09 na 27. Safu ya Mbeya imesimama jirani, na ukitazama kusini-mashariki unaikuta Rungwe inayopita futi 9,700. Anayekuambia ushuke mahali kama hapa ni lazima ajue milima iko wapi. Mwenye simuleta aliyezoea nchi tambarare anaweza kuvumilia mwongoza ndege wa kubahatisha, lakini sisi wa Nyanda za Juu tukimvumilia tutaishia mlimani.

Kigezo changu ni kimoja, na kila njia nitakayoijaribu nitaipimia hapo: rubani hutakiwa kulirudia kwa sauti agizo alilopewa, sasa nikilirudia vibaya, kuna atakayenisahihisha? Sauti tamu, lafudhi, kelele za redio, vyote vije baadaye.

Februari 22: Mwongoza ndege aliyemo ndani ya programu

X-Plane inakuja na mwongoza ndege wake. Unafungua menyu, unachagua ombi, yeye anajibu kwa sauti na maandishi. Ni bure na hahitaji intaneti.

Kazi ilikuwa kumfanya azifahamu ardhi za kwetu. Hutegemea faili la uwanja: kama uwanja haukuandikiwa masafa ya mnara, kwake hakuna mnara, kama viungio, yaani njia za ndege kutembelea ardhini, havikuunganishwa kwa mistari, hawezi kukuongoza kutoka maegesho hadi njia ya kurukia. Viwanja vingi duniani vimechorwa na watu wa kujitolea, na vidogo vya kwetu mara nyingi vina majengo na lami lakini mistari hiyo haipo. Dawa ni WED, chombo cha bure cha kuchorea viwanja kutoka kwa watengenezaji wale wale wa X-Plane.

Anayetaka kufuata azingatie mambo mawili yaliyonila muda. Kwanza, mstari wa kiungio uungane kabisa na mstari wa njia ya kurukia kwenye nukta moja. Ukipishana kwa unywele, ukaguzi wa WED unakataa na ujumbe wake hauelezi kwa uwazi ni nukta ipi. Kuza picha hadi mwisho, ubofye nukta zote mbili na kuziunganisha. Pili, vipande vya kiungio vilivyo karibu na njia ya kurukia vinahitaji kutiwa alama ya eneo la tahadhari, na namba ya njia husika iandikwe. Bila alama hiyo mwongoza ndege hakusimamishi kabla ya kuingia, na ndege nyingine inatua juu yako.

Kipimo cha kigezo: hafaulu. Kurudia agizo ni kubonyeza mstari ulioandikwa tayari, hivyo haiwezekani kukosea, na pasipo na kukosea hapana kusahihishwa. Namweka kwa ajili ya wanaoanza, maana anafundisha vizuri mpangilio wa nani huitwa kabla ya nani: ruhusa ya safari, ardhini, mnara, eneo la kukaribia, kituo kikuu.

Gharama: hakuna.

Machi 15: Kuongea na mashine

Hapa kuna matabaka mawili. Kuna programu za akili unde ambazo hupeleka sauti yako kwenye seva za mbali, nazo hujibu kama mtu. Nyingi hulipiwa kila mwezi kwa dola. Nililipia mwezi mmoja wa moja wapo, karibu shilingi 80,000 pamoja na makato ya kadi. Majibu yalikuwa ya kuvutia pale mtandao ulipokuwa mzuri. Mtandao ukishuka, jibu lilifika wakati ndege imeshapita mahali lilipohitajika. Katika kukaribia Songwe, sekunde kumi ni nyingi mno. Sikuendelea kulipa.

Tabaka la pili ni kutambua usemi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Nilitumia Vosk, ambayo ni bure na inafanya kazi bila intaneti. Modeli yake ndogo ya Kiingereza, yaani faili linaloiwezesha kuitambua lugha, ina megabaiti 40 hivi. Nikaandika programu fupi kwa lugha ya Python: inatoa agizo kwa sauti ya kompyuta, inasikiliza nikilirudia, inalinganisha.

Siku za kwanza ilikuwa vurugu. Modeli ya Kiingereza cha Marekani haikuzoea namna yetu ya kutamka, hasa irabu tunazoziacha wazi mwishoni mwa neno. Yaliyosaidia ni haya:

Nilibadilisha modeli, nikachukua ile ndogo ya Kiingereza cha Kihindi. Masikio yake yako karibu zaidi na midomo yetu, na makosa yalipungua papo hapo.

Nikaibana msamiati. Vosk hukubali kupewa orodha ya maneno inayotakiwa kuyategemea, na redio ya ndege haina maneno mengi: tarakimu, herufi za Alfa hadi Zulu, vitenzi vichache. Ukiibana hivyo, haiwezi tena kusikia habari za soko pale uliposema namba ya njia ya kurukia.

Lakini orodha hiyo ilileta tatizo jipya. Marubani hutamka 3 kama "tree", 5 kama "fife", 9 kama "niner", ili zisichanganyike kwenye kelele. Neno lisilokuwemo kwenye kamusi ya modeli linarukwa, na onyo lake linapita haraka kwenye dirisha jeusi la maandishi. Tarakimu zikawa zinapotea katikati ya namba. Suluhisho: ndani ya orodha weka matamshi ya kawaida na ya redio pamoja, kisha kwenye programu yageuze yote kuwa tarakimu ile ile kabla ya kulinganisha. "Tree" ni mti kwa Mwingereza. Kwa programu yangu ni 3 daima.

Vya kulinganisha nilivitoa kwenye kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kuhusu yale ambayo rubani hana budi kuyarudia: ruhusa ya njia ya safari, ruhusa ya kuingia, kutua, kuruka, kuvuka au kusubiri nje ya njia ya kurukia, njia inayotumika, kipimo cha shinikizo la hewa, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada), kimo, mwelekeo na kasi. Salamu na hali ya hewa hazimo, na programu haizijali.

Kipimo: inafaulu nusu. Inanisahihisha kweli, bila huruma, na usiku wa manane haichoki. Lakini inanijua mimi peke yangu. Hakuna ndege nyingine katika anga yake, kwa hiyo haina sababu ya kuniambia nisubiri, na anga ambayo hakuna anayesubiri ni anga ya uongo. Inabaki kuwa chombo cha mazoezi.

Machi 29: VATSIM

Kuna mitandao miwili mikubwa ambayo watu halisi hujitolea kuongoza ndege za simuleta: IVAO, iliyoanza 1998, na VATSIM, iliyoanza 2001. Yote ni bure. Kuna pia PilotEdge, ya kulipia, ambayo huwalipa waongoza ndege wake ili wawepo saa zilizotangazwa. Eneo lake ni magharibi ya Marekani, kwa hiyo haikuhusu njia zangu. Nikaingia VATSIM.

Kujiunga ni rahisi: jina halisi, mtihani mfupi wa misingi, kisha programu ya kuunganisha. Kwa X-Plane ni xPilot. Tahadhari ya bando: xPilot inahitaji vifurushi vya maumbo ya ndege nyingine, na hivyo vina gigabaiti kadhaa. Vipakue usiku, au mwombe mwenzako akupe kwenye diski. Baada ya hapo matumizi ni madogo, sauti na mahali ndege zilipo tu. Unganisha ukiwa kwenye maegesho, kamwe si juu ya njia ya kurukia. Usiiache ndege peke yake zaidi ya dakika 30. Kanuni zao zinakataza.

Saa ndizo zilizonishughulisha. Wanaojitolea wengi wako Ulaya na Marekani, na jioni yao ndiyo saa yao. Kwenye anga hakuna saa ya Dar es Salaam wala ya London, kuna saa ya Zulu, moja kwa dunia nzima, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Jioni ya Ulaya inaanza kuchangamka kwetu kuanzia saa tatu usiku. Anayeamka alfajiri kwenda kazini Mwanjelwa apange Jumamosi.

Hapo ndipo nilipofahamu uongozaji ni kitu gani. Nilikuwa juu ya Ujerumani kwa ndege ndogo ya abiria. Mwongoza ndege alinipa kimo, nikarudia kimo kilichokuwa kwenye mpango wangu badala ya kile alichonipa. Akasema hapana, akarudia tarakimu polepole, akasubiri. Alikuwa na ndege nyingi mkononi, na bado alisubiri mpaka nikasema sawasawa. Niliiweka ile sauti akilini kuwa kiwango cha mradi mzima.

Mvua ilileta kasoro nyingine. Machi ya Mbeya mnaijua, na paa letu ni bati. Kila nilipobonyeza kitufe, kishindo cha bati kilikwenda hadi Ulaya, na mwongoza ndege akaniomba niandike badala ya kusema. VATSIM inaruhusu: kwenye maelezo ya mpango wa safari unaweka alama kwamba unasikia lakini unajibu kwa maandishi. Ni msaada pia kwa asiyejiamini kwa Kiingereza cha mdomoni. Tiba ya kudumu ilikuwa kuacha kipaza sauti cha mezani na kununua hedifoni zenye kipaza sauti kinachokaa mbele ya mdomo, shilingi 45,000 pale Kabwe, na kupunguza nguvu ya kipaza hadi kisisikie kitu zaidi ya sentimita chache.

Kipimo: inafaulu kabisa, tena kwa heshima. Upungufu wake kwangu ni mahali. Anga ya kwetu mara nyingi haina mtu kwenye redio. Unatangaza nia yako kwenye masafa ya 122.800 kwa yeyote aliye karibu na kuendelea. Nikitaka kuongozwa niende Ulaya, nikitaka Songwe nikae kimya. Kuwa mwongoza ndege wa VATSIM kunawezekana, lakini kuna mafunzo na madaraja ya kupanda, kuanzia S1, na ndivyo inavyotakiwa. Mpwa wangu ameonyesha nia. Wakati anangoja zamu ya mafunzo, nikaona tujenge mnara wetu nyumbani.

Aprili 26: Mnara, chumba cha pili

Wazo: mpwa wangu akae chumba cha pili akiwa na skrini inayoonyesha ndege yangu, tuongee kwa hedifoni, asione dirisha langu wala mimi lake.

Skrini ya rada. Kompyuta mpakato ya mtumba, shilingi 280,000, sokoni SIDO. Ndani yake kuna Little Navmap, ramani ya bure ya marubani wa simuleta. Kwenye kompyuta ya ndege kuna plagini, yaani kipande cha kuongezwa ndani ya X-Plane, iitwayo Little Xpconnect na programu ndogo Little Navconnect ambayo hutuma mahali ndege ilipo kwenye mtandao wa ndani. Kebo ya mtandao mita 15 ilikuwa 18,000, swichi ndogo ya mtandao 35,000. Intaneti haihitajiki hata kidogo.

Haikuunganika mwanzoni. Ramani ilikaa tupu ingawa anwani ilikuwa sahihi. Chanzo kilikuwa ukuta wa usalama wa Windows: kebo mpya ilihesabiwa kuwa mtandao wa hadhara, na Little Navconnect ikazuiwa. Geuza mtandao huo uwe wa binafsi, kisha ruhusu programu hiyo. Halafu ipe kompyuta ya ndege anwani isiyobadilika, vinginevyo kila umeme ukirudi utaanza kutafuta upya.

Tatizo la pili lilikuwa la hekima zaidi kuliko ufundi. Ramani inaonyesha mno. Mpwa aliona kasi yangu ya hewa, upepo, hata mafuta, akawa anaongoza kama aliyeketi begani mwangu. Mwongoza ndege halisi haoni hayo. Tukazima kila kitu isipokuwa jina la wito, kimo na kasi ya ardhini. Songwe ni moja ya sehemu nne ambako TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, iliweka rada za kiraia, pamoja na Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza, kwa hiyo kuwa na rada si kujidanganya. Kujua mafuta ya rubani bila kumuuliza ndiko kujidanganya.

Milima. Juu ya ramani tulichora vipande na kuandika ndani ya kila kipande kimo cha chini anachoruhusiwa kunipa. Namba tulizipata kwa kuchukua kilele kirefu zaidi cha kipande, tukaongeza futi 2,000, tukapandisha hadi mia iliyofuata. Ni za mchezo wetu tu, asizipeleke mtu kwenye ndege ya kweli. Kipande chenye Rungwe kikawa futi 11,800. Baada ya hapo mpwa hakunishusha tena kuelekea mlimani.

Sauti. Mumble, programu ya bure ya kuongea kupitia mtandao, seva yake inakaa kwenye ile ile kompyuta mpakato. Kila chumba cha Mumble tulikipa jina la masafa: Ardhini, Mnara, Kituo. Kubadilisha masafa ni kuhama chumba, na ukisahau kuhama unaongea peke yako, sawasawa na hewani.

Mei 17: Kitufe

Kubonyeza kibodi ili kuongea kulinikera mikono. Fundi wa Soweto ya hapa Mbeya alinifungia kitufe cha mashine za michezo kwenye usukani na kukiunganisha na kibao kidogo cha USB kinachojitambulisha kama kijiti cha kuendeshea. Kitufe na waya 8,000, kibao 25,000, ufundi 10,000.

Kikakata silabi za mwanzo na mwisho. Mpwa alisikia jina la wito lisilo na kichwa na kimo kisicho na mkia. Mwisho ulitibika ndani ya Mumble: kuna mpangilio wa kushikilia laini kwa muda mfupi baada ya kuachia kitufe, weka milisekunde 200. Mwanzo hauna tiba ya programu. Bonyeza, vuta pumzi, sema. Redio halisi pia inataka hivyo, kwa hiyo sikutafuta njia nyingine.

Mumble pia ina kichujio cha kelele kiitwacho RNNoise. Kimefuta mvua ya bati kabisa. Kiwashe kwa kila mzungumzaji, si kwako tu.

Juni 7: Mzee anasikiliza

Jirani yetu mmoja mzee alitumia maisha yake ya kazi katika mnara. Nilimwendea nyumbani nikampa shikamoo, nikamweleza tunachofanya. Aliitikia marahaba, akauliza kama kuna chai. Jioni ile alikaa nyuma ya mpwa wangu, hedifoni moja sikioni, bila kusema neno tangu maegesho hadi kutua.

Kisha akamwambia: "Mjukuu wangu, unasema vizuri. Sasa jifunze kunyamaza. Mjomba wako alipokuwa anarudia agizo, wewe ulikuwa unatazama ramani ukifikiria sentensi ijayo. Hukumsikia. Alirudia vibaya kipimo cha hewa nawe ukasema ni sahihi."

Ilikuwa kweli, tulisikiliza rekodi. Kigezo nilichokuwa nikikipimia mashine kilikuwa kimeshindwa na mtu, kwa sababu mtu naye anaweza kuwa menyu.

Mzee alitupa desturi tatu tulizozishika. Mwongoza ndege anaandika kila agizo kwenye kipande cha karatasi kabla ya kulitamka, kisha kalamu inafuata sauti ya rubani, neno kwa neno, na kuweka alama kwenye kila tarakimu iliyorudi. Alama isipowekwa, safari haiendelei. Pili, agizo moja lisibebe zaidi ya mambo matatu. Kimo, mwelekeo, kasi, basi. Tatu, neno la kuruka lisitamkwe mpaka ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa.

Hilo la tatu alilieleza kwa kirefu, na sauti yake ilibadilika. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, Boeing 747 mbili, ya shirika la KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu umefunika, wakafa watu 583. Mnara uliitamkia KLM neno hilo ilhali ruhusa haijatolewa. Pan Am nao walisema bado wako kwenye njia, lakini walibonyeza kitufe sekunde ile ile ambayo mnara ulikuwa unaongea, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM ikasikika "OK" kisha mlio. Tangu hapo kabla ya ruhusa husemwa kuondoka, si kuruka.

Nikagundua kwamba redio yetu ina uongo mkubwa. Kwenye Mumble watu wawili wakiongea pamoja, wote wanasikika. Hewani hawasikiki. Mumble ina mpangilio wa kumpa mmoja kipaumbele, lakini huo ni uongo wa aina nyingine. Tumeweka sheria ya nyumba: taa mbili zikiwaka pamoja kwenye orodha ya wazungumzaji, mwongoza ndege anatangaza kwamba mawasiliano yamezuiana, na chochote kilichosemwa kinahesabiwa hakikusemwa, hata kama kila mtu amekielewa. Tunaishika sheria hiyo bila msamaha. Imegeuza namna tunavyosikiliza kabla ya kubonyeza.

Gharama: karatasi ngumu na kalamu, 4,000. Ni vifaa vyenye faida kuliko vyote nilivyonunua.

Julai 5: Rubani wa Iringa anaingia

Rafiki yangu wa Iringa ana simuleta na X-Plane ile ile. Tulitaka aruke kutoka Nduli, uwanja wa Iringa, kuja Songwe, aonekane kwenye ramani ya mpwa na kwenye dirisha langu. Kuonekana kwa ndege tulitumia JoinFS, programu ya bure inayounganisha simuleta moja kwa moja bila seva ya kati.

Haikuunganika kwa njia yoyote. Tulifungua milango ya ruta, tukazima ukuta wa usalama, wapi. Sababu iko juu ya ruta zetu: intaneti ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadhara, kwa hiyo hakuna mlango unaoweza kuufungua nyumbani kwako ukaonekana nje. Anayetumia modemu ya laini ya simu asipoteze jioni yake kwenye mipangilio ya ruta.

Suluhisho ni Tailscale, programu ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali, yenye daraja la bure kwa matumizi binafsi. Kila kompyuta hupewa anwani ya ndani, na zote zinaonana kana kwamba ziko kwenye swichi moja. JoinFS, Mumble na Little Navconnect vyote vilikubali anwani hizo mara moja. Ramani ya mpwa ilianza kuonyesha ndege ya Iringa kupitia kompyuta yangu, kwa sababu JoinFS huiingiza ndani ya X-Plane kama ndege jirani.

Bando: tumeiwekea Mumble kilobiti 40 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 18 kwa saa kwa mtu anayeongea bila kupumua, na hakuna rubani anayeongea hivyo. Rafiki yangu alidhani angehitaji kifurushi kikubwa. Cha kawaida cha wiki kimemtosha na kubaki.

Agosti 2: Ndege mbili, ukungu

Tuliweka ukungu Songwe kwa mkono kwenye mipangilio ya hali ya hewa, mwono ukiwa chini ya kile tulichokubaliana kuwa kikomo. Mimi natoka Dar es Salaam, mwenzangu anatoka Nduli, tunafika karibu wakati mmoja. Mpwa kwenye redio, mzee pembeni na kikombe chake.

Mpwa alinipa kuzunguka kusubiri katika kimo kilicho juu ya vipande vyote vya milima, mwenzangu futi 1,000 chini yangu. Kisha akauliza kila mmoja ana mafuta ya dakika ngapi. Hakuyaona kwenye skrini, ilibidi aulize, na majibu yetu yakabadilisha mpango wake: mwenzangu alikuwa na machache, akatangulizwa ukungu ulipopungua. Alipokuwa akishuka nilibonyeza kuomba kimo alichokiacha, taa mbili zikawaka. Mpwa akatangaza kuzuiana. Mwenzangu alikuwa ametaja tu kwamba anaiona njia, maneno mazuri ambayo kila mmoja wetu aliyasikia. Akalazimika kuyasema tena, nami nikasubiri na ombi langu. Mzee hakusema kitu. Alijaza chai.

Umeme ulikatika mimi nikiwa wa mwisho kutua. UPS ilishika kompyuta, mpakato ulikuwa na betri, lakini swichi ndogo haikuwa kwenye UPS, na redio ikafa. Mpwa alifuata utaratibu wa ndege iliyopoteza mawasiliano: aliacha njia wazi na hakumpa mwenzangu ruhusa ya kuvuka. Nikaweka 7600, namba ya ndege iliyopoteza redio, kwenye transponda ingawa hakuweza kuiona, nikatua. Kesho yake swichi iliingia kwenye UPS, na betri mpya ya UPS ikanunuliwa, 65,000.

Agosti 23: Ilipofikia

Mpangilio unaotumika sasa: programu ya Vosk kwa mazoezi ya asubuhi ya mtu mmoja, chumba cha pili kwa safari za Nyanda za Juu, VATSIM usiku wa Jumamosi, ili masikio yasizoee sauti ya mpwa peke yake. Mwongoza ndege wa ndani ya X-Plane amezimwa kabisa, maana akiachwa huingilia masafa kwa sauti yake.

Anayeanza bila fedha ya mpakato aanze na karatasi za mzee na Mumble kwenye simu. Mumla, programu ya simu za Android, inaunganika na seva ile ile. Mwongoza ndege hataona rada, atauliza mahali ulipo, nawe utamtajia umbali na kimo. Ni namna halali kabisa ya kuongoza, na kwa kusikiliza inafundisha kuliko skrini.

Kazi zinazobaki: mistari ya viungio ya Nduli kwenye WED bado haijapita ukaguzi, kuna nukta moja upande wa maegesho inayokataa kuungana. Mpwa ameitwa kwenye mafunzo ya S1, yanaanza Septemba. Rafiki wa Njombe ameomba kuingia na ana Microsoft Flight Simulator. JoinFS inakubali simuleta zote mbili, lakini majina ya aina za ndege hayalingani, na Q400 yangu kwake inatokea kama ndege nyingine. Jedwali la kulinganisha maumbo ndilo ninaloliandika wiki hii.